Venezia, Roma, nchi za Kijerumani au Holland: uchague mfano upi wa sheria za mavazi dhidi ya Wayahudi?

Mwalimu anayeandaa somo, au mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu juu ya ubaguzi katika Ulaya ya karne ya 16 hadi ya 18, hukwama mapema. Sheria zilizowalazimisha Wayahudi kuvaa alama ya kuwatambulisha zilitungwa katika miji, majimbo na falme nyingi mno, na anayejaribu kuzisimulia zote kwa pamoja huishia na orodha ya kofia na viraka vya njano isiyoeleza chochote. Ni heri kuchagua mahali pamoja na kupachimba. Ulinganisho huu unahusu sehemu nne: Jamhuri ya Venezia, Roma chini ya Mapapa, nchi za Kijerumani pamoja na milki za Habsburg, ukoo uliotawala Austria, na jimbo la Holland, ambalo limeingia humu kwa sababu ya kinyume, yaani kwamba liliikataza alama hiyo.

Chimbuko la sheria hizo ni moja. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ulioitishwa na Papa Innocent III, uliagiza katika kanuni yake ya 68 kwamba Wayahudi na Wasaraseni, yaani Waislamu, watofautishwe na Wakristo kwa mavazi yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia watu wa dini tofauti wasije wakakutana kimwili kwa kutotambuana. Kanuni hiyo haikutaja rangi, umbo wala ukubwa wa alama, na kila mtawala akajitafsiria. Ufaransa ilitoa amri yake mwaka 1269. Uingereza mwaka 1275 iliwataka Wayahudi wote waliozidi umri wa miaka 7 wavae kipande cha kitambaa cha njano, kisha mwaka 1290 ikawafukuza kabisa. Ndiyo maana Uingereza, inayotajwa mara nyingi, haimfai anayetafuta mfano wa karne ya 16.

Vigezo vya kulinganisha

Nimetumia maswali manne kwa kila sehemu. La kwanza ni alama yenyewe: ilikuwa nini, ilivaliwa na nani, na kwa nini ilibadilika. La pili ni lengo la mtawala, lile lililotamkwa na lile linaloonekana katika matendo yake. La tatu ni msamaha: nani aliruhusiwa kuivua, kwa sababu gani, na kwa maombezi ya nani. La nne ni ushahidi, yaani ni aina gani ya maandishi na picha msomaji atakuwa nayo mezani.

Swali la tatu nimelipa uzito kuliko mengine. Rangi ya njano ndiyo inayovuta macho, lakini rangi peke yake haielezi mengi. Orodha ya walioruhusiwa kuvaa kofia nyeusi, yaani ya kawaida, ndiyo inayoonyesha mtawala aliwahitaji Wayahudi kwa lipi, na kwa kiasi gani.

Venezia

Alama ya kwanza ya Venezia, iliyoagizwa mwaka 1394, ilikuwa duara la njano lililoshonwa kifuani. Duara la kifuani hufichwa kwa urahisi chini ya joho, na mwaka 1496 serikali ikaagiza kofia ya njano badala yake, kwa kuwa kilicho kichwani hakifunikwi kwa kujitanda. Miaka 20 baadaye, tarehe 29 Machi 1516, Seneti iliamua kwamba Wayahudi wote wakae katika kisiwa kidogo cha mtaa wa Cannaregio palipokuwa na kiwanda cha zamani cha kuyeyusha metali, mahali palipoitwa Ghetto, jina ambalo baadaye lilienea Ulaya nzima. Malango yalifungwa usiku, na walinzi wake Wakristo walilipwa na Wayahudi wenyewe. Anayesoma sheria ya mavazi ya Venezia bila sheria ya malango husoma nusu tu ya mpango, kwa sababu viwili hivyo vilipokezana zamu: usiku mtu alitengwa kwa ukuta, na mchana, alipokuwa sokoni au darajani miongoni mwa watu wote, alitengwa kwa kofia.

Rangi nayo haikutulia. Mwingereza Thomas Coryat, aliyeuzuru mji huo mwaka 1608, aliona kwamba Wayahudi wenye asili ya nchi za Magharibi walivaa kofia nyekundu, ilhali wale waliotoka Mashariki, hasa raia wa Sultani wa Uturuki, walivaa vilemba vya njano. Kwa hiyo ndani ya mji mmoja palikuwa na alama mbili, na tofauti yake ilifuata asili ya mtu na biashara yake.

Lengo la Venezia lilikuwa la kifanyabiashara. Jamhuri ilitaka wakopeshaji wa kuwahudumia maskini kwa rehani, ilitaka kodi, na kadiri karne ya 16 ilivyosonga ilitaka wafanyabiashara wenye njia za kufika Istanbul na Balkani. Mwaka 1541 Wayahudi wa Levanti, yaani hao waliotoka Mashariki, walitengewa eneo lao la ziada, na mwaka 1589 wakapewa hati maalumu ya haki za biashara. Serikali iliwataka karibu ili wafanye kazi, na iliwataka waonekane ili wasihesabiwe kuwa wenyeji.

Katika misamaha ndipo Venezia inapokuwa tajiri kuliko sehemu nyingine zote humu. Wasafiri waliweza kupewa ruhusa ya kuvaa kofia nyeusi njiani, kwa kuwa barabarani kofia ya njano ilikuwa mwaliko kwa wanyang'anyi. Matabibu nao walipewa ruhusa, mmoja mmoja. Kisa cha tabibu Jacob Mantino kinatosha kuonyesha utaratibu wenyewe: mwishoni mwa miaka ya 1520 mabalozi wa Ufaransa na Uingereza pamoja na mjumbe wa Papa walimwombea asivae kofia ya njano, na Baraza la Kumi, chombo cha juu cha serikali ya Venezia, likamkubalia kwa muda mfupi, ruhusa ambayo ilibidi ihuishwe. Wagonjwa wake walikuwa wakubwa wa mji na wageni wao, nao hawakupenda kutibiwa na mtu aliyevikwa alama ya fedheha. Msamaha huo ulitolewa zaidi kwa ajili ya heshima ya wagonjwa hao kuliko ya tabibu.

Ushahidi ni mwingi: maamuzi ya Seneti, hati za mikataba iliyohuishwa kila baada ya miaka kadhaa, maelezo ya wasafiri kama Coryat, na maandishi ya Wayahudi wenyewe, miongoni mwao rabi Leon Modena aliyeishi kati ya 1571 na 1648. Hadithi yake ina mwisho ulio wazi pia, kwani Jamhuri ilianguka mbele ya jeshi la Napoleon mwaka 1797 na malango ya geto yakang'olewa mwaka huohuo. Kasoro yake ni wingi huohuo wa kumbukumbu: sheria zilirudiwa, zikalegezwa, zikarudiwa tena, na asiyesoma Kiitaliano atategemea wafasiri.

Venezia inamfaa anayetaka kujua jinsi ubaguzi unavyoishi pamoja na biashara, na anayevutiwa na maisha ya kila siku kuliko itikadi.

Roma

Roma ina hati moja kuu, na hilo ni faraja kwa mwenye muda mfupi. Tarehe 14 Julai 1555 Papa Paulo IV alitoa hati inayojulikana kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, Cum nimis absurdum. Wanaume Wayahudi waliamriwa kuvaa kofia, na wanawake alama nyingine iliyo bayana, vyote vya rangi ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa njano, kwa namna isiyoweza kufichwa hata kidogo. Kabla ya hapo sheria za jiji za karne ya 14 ziliwavika wanaume joho jekundu, kwa hiyo wazo halikuwa jipya. Jipya lilikuwa mahali alama ilipowekwa, yaani ndani ya mpango mmoja uliogusa kila kitu: kukaa getoni kando ya mto Tiber, kuuza nyumba na mashamba yaliyokuwa mali yao, kubaki na sinagogi moja, kutokubali kuitwa "bwana" na Wakristo maskini, na kutofanya biashara yoyote isipokuwa ya matambara na nguo kuukuu.

Hapo mwandishi hana budi kusimama kidogo. Watu waliovikwa kofia ya kuwadhalilisha waliachiwa kazi moja tu, nayo ni ya mitumba. Wakristo wa Roma waliwakataa kwa mavazi yao, kisha wakaenda kwao kununua na kuuza mavazi. Sidhani kama hati ilikusudia kejeli hiyo, lakini hakuna mahali pengine katika mifano hii minne ambapo nguo inabeba mambo mengi kiasi hicho.

Lengo lilitamkwa waziwazi: kwa maoni ya Papa, ilikuwa ni upuuzi mkubwa kwamba Wayahudi, aliowahukumu kuwa watumwa kwa kosa lao wenyewe, waishi katikati ya Wakristo na kujitwalia heshima sawa nao. Nyuma yake palikuwa na tumaini kwamba dhiki ingewasukuma wabatizwe. Nyumba ya kuwapokea wanaoongoka ilikuwa imekwisha kufunguliwa mjini humo mwaka 1543. Kofia ya Venezia ilimwambia Mkristo ajue anafanya biashara na nani, na ya Roma ikamwambia Myahudi kwamba mlango wa kutoka upo, nao ni ubatizo.

Kuhusu msamaha, hati ya 1555 inaufunga kwa maneno: haikubali mtu ajitetee kwa cheo, kwa ubora wake wala kwa ruhusa aliyopata zamani. Lakini Mapapa waliofuata walipishana. Pius IV mwaka 1562 alilegeza masharti na kuwaruhusu wasafiri kuvaa kofia nyeusi. Pius V mwaka 1566 akayakaza upya, na mwaka 1569 akawafukuza Wayahudi kutoka katika dola yake isipokuwa Roma na Ancona. Sixtus V mwaka 1586 akalegeza tena. Anayeamini kwamba Kanisa lilikuwa na sera moja isiyobadilika ataona hapa kamba ikivutwa huku na huku ndani ya miaka 31. Kisha mwaka 1775, wakati sehemu nyingine za Ulaya zilikuwa zikielekea kuzifuta sheria hizi, Pius VI alitoa amri iliyotaka alama ya njano ivaliwe na wanaume na wanawake, ndani na nje ya geto. Alama hiyo ilivuliwa Februari 1798, jeshi la Ufaransa lilipouteka mji.

Ushahidi wa Roma ni mfululizo wa hati za Mapapa, fupi kiasi na zilizofasiriwa katika lugha kadhaa. Udhaifu wake ni kwamba hati husema kilichoamriwa. Mitaani kilitokea nini, jambo hilo linahitaji kumbukumbu nyingine, na mwanafunzi mvivu hulisahau. Mfano huu unamfaa mwanafunzi wa teolojia au wa sheria, na mwalimu anayetaka darasa lisome chanzo kimoja kwa ukamilifu ndani ya kipindi kimoja.

Nchi za Kijerumani na Habsburg

Huku hapakuwa na mtawala mmoja, na ndiyo sifa ya mfano huu na pia adha yake. Mwaka 1451 Nicholas wa Cusa, mjumbe wa Papa, alijaribu kuwalazimisha wanaume wavae duara la njano kifuani na wanawake mistari miwili ya buluu kwenye ushungi, na akapata upinzani, kwa kuwa wakuu wa Kijerumani hawakupenda kuchaguliwa namna ya kuwatawala Wayahudi wao. Mwaka 1530 Bunge la Dola Takatifu ya Kirumi, iliyoziunganisha nchi za Kijerumani chini ya Kaisari, lilipokutana huko Augsburg, lilitunga kanuni ya jumla: kila Myahudi avae pete ya njano, yaani duara la kitambaa, juu ya joho au kofia, bila kuificha. Mwaka 1551 Ferdinand I alirudia agizo hilo kwa ajili ya milki zake za Austria, duara likae upande wa kushoto wa kifua.

Lengo lilitajwa kuwa utaratibu mzuri wa umma. Kanuni ya 1530 ilipanga mavazi ya watu wa kila tabaka, wakulima kwa wakuu, ili kila mtu atambulike alivyo, na Wayahudi wakapewa sura yao humo. Jambo hili linamkumbusha msomaji kwamba sheria za mavazi hazikuwahusu Wayahudi peke yao. Ila mkulima alikatazwa kuvaa cha waliomzidi, na Myahudi alilazimishwa kuvaa kilichomtenga na wote.

Kwa upande wa misamaha, huku kuna mtu mmoja anayestahili somo zima: Josel wa Rosheim, aliyefariki mwaka 1554, msemaji wa Wayahudi mbele ya Kaisari Charles V. Mwaka uleule wa 1530 na katika mji uleule wa Augsburg, alishindana kwa hoja na Antonius Margaritha, Myahudi aliyebatizwa na kuandika kuishambulia jamii yake, na Margaritha akaishia kufukuzwa mjini. Hata hivyo pete ya njano ilipita. Josel hakuchoka, na mwaka 1544 huko Speyer alipata kwa Kaisari hati iliyosema, pamoja na mengine, kwamba Wayahudi wasilazimishwe kuvaa alama wawapo nje ya makazi yao. Barabara ziliwapa nafuu ambayo mji haukuwapa. Baadaye huko Vienna likazuka kundi la Wayahudi wa ikulu, waliohudumia majeshi na hazina ya Kaisari, nao wakasamehewa alama kwa sababu ya kazi yao.

Kipindi cha mwisho kina mambo mawili ya kushangaza. Mwaka 1760 Maria Theresa, mtawala wa milki za Habsburg, aliagiza kwamba Wayahudi wasiofuga ndevu wavae alama ya njano kwenye mkono wa kushoto. Ndevu zenyewe zilikuwa zimegeuzwa kuwa alama. Tarehe 2 Januari 1782 mwanawe, Joseph II, katika hati yake ya uvumilivu kwa Wayahudi wa Vienna na Austria ya Chini, alifuta kanuni zote za mavazi ya kutofautisha, na hata akawaruhusu wafanyabiashara wakubwa na wana wao kubeba upanga. Hati hiyohiyo iliendelea kuwanyima sinagogi ya hadhara mjini Vienna. Msomaji asiharakishe kumsifu.

Ushahidi umetawanyika: kanuni za Dola, sheria za miji, maombi ya Josel, na michoro. Michoro itumike kwa tahadhari. Ule maarufu wa karne ya 16 wa Myahudi wa mji wa Worms unaonyesha vizuri duara la njano kwenye joho, lakini mchoraji amemshikisha pia mfuko wa fedha na kitunguu saumu, kwa hiyo unatueleza dharau ya mchoraji kama unavyotueleza nguo. Mfano huu ni wa mtafiti mwenye muda, anayesoma Kijerumani, au anayependa kufuatilia pengo kati ya sheria iliyoandikwa na sheria iliyotekelezwa. Kwa suala hilo la pengo, jirani Poland inafaa kama nyongeza: bunge la Piotrków mwaka 1538 liliagiza kofia ya njano, nayo haikutekelezwa ipasavyo.

Holland

Alama: hakuna. Mwaka 1619 Bunge la jimbo la Holland liliamua kwamba kila mji ujiamulie masharti ya kuwapokea Wayahudi, lakini hakuna mji utakaowalazimisha kuvaa alama ya kuwatofautisha. Lengo lilikuwa kuwavuta wafanyabiashara wenye asili ya Ureno na Hispania, na pia hapakuwa na desturi ya zamani ya alama iliyopaswa kulindwa. Kwa kuwa hapakuwa na amri, hapakuwa na msamaha wa kuomba.

Asikosee mtu akadhani palikuwa na usawa. Amri ya Amsterdam ya mwaka 1616 iliwakataza Wayahudi kuushambulia Ukristo kwa maandishi, kuwaongoa Wakristo na kuwa na mahusiano ya kimwili na wanawake wa Kikristo, yaani hofu ileile ya mwaka 1215 bila kitambaa chake. Mwaka 1632 mji huo ukawafungia kazi nyingi zilizomilikiwa na wenyeji. Usawa wa kisheria ulikuja mwaka 1796. Ushahidi wa kupendeza ni picha: tabibu Ephraim Bueno, aliyechorwa na Rembrandt mwaka 1647, amevaa kama raia yeyote wa heshima wa mji ule. Mfano huu peke yake ni mwembamba kwa tasnifu, ila ukiwekwa kando ya Venezia unatoa swali zuri, maana zote mbili ziliwataka Wayahudi kwa ajili ya biashara, na moja tu ndiyo iliyoona haja ya kofia.

Uchague kwa hali yako

Ikiwa una kipindi kimoja cha darasa, Roma inakutosha kwa hati ya 1555, na ukipata kipindi cha pili, isomeni pamoja na hati ya Vienna ya 1782, ili wanafunzi waone sheria ikifungwa na nyingine ikifunguliwa nusu.

Ikiwa unaandika tasnifu na Kiitaliano unakisoma, Venezia itakulisha miaka mingi. Ukisoma Kijerumani, nenda kwa Josel na bunge la 1530, lakini chagua mji mmoja au milki moja, la sivyo utazama katika sheria za miji.

Ikiwa swali lako ni la wanawake, usitegemee kofia, kwani sheria nyingi zilianza na wanaume na kuwataja wanawake kwa maneno machache. Mistari ya buluu ya ushungi katika nchi za Kijerumani, na alama ya wanawake katika hati za Roma za 1555 na 1775, ndizo pa kuanzia.

Ikiwa hadhira yako ni Waislamu na Wakristo pamoja, anza na kanuni ya 68, inayowataja Wasaraseni kando ya Wayahudi. Usiache kutaja pia kwamba khalifa al-Mutawakkil mwaka 850 aliwaamuru Wakristo na Wayahudi wa dola yake wavae mavazi ya rangi ya asali, ili pasiwe na upande unaodhani kwamba jambo hili lilibuniwa na wengine.

Na ikiwa unachotaka hasa ni kueleza nyota ya njano ya Wanazi, iliyoamriwa Ujerumani Septemba 1941 kwa kila Myahudi kuanzia umri wa miaka 6, chagua Vienna. Kati ya hati ya Joseph II na amri hiyo kuna miaka 159 isiyo na alama, na kazi yako itakuwa kueleza kwa nini serikali ya karne ya 20 ilikwenda kuichukua tena, safari hii bila msamaha wa tabibu, wa msafiri wala wa aliyebatizwa.